Nilivyofanikiwa kumwona buibui akisuka utando tangu mwanzo

Kuona utando uliokwisha kusukwa ni jambo la kila siku, lakini kuona kazi yenyewe ikifanyika nilidhani ni bahati tu, mpaka nilipokaa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, nikatambua kwamba kinachohitajika ni kujua saa na kujua namna ya kumulika.

Trichonephila, wale buibui wakubwa ambao nyuzi zao za rangi ya dhahabu hukatiza njia za msituni, wanavutia lakini hawamfai anayeanza, kwa sababu utando wao hudumu kwa muda mrefu nao huukarabati kipande kwa kipande. Nilichagua Neoscona, buibui wa kahawia ambao aghalabu huula utando wa zamani na kusuka mwingine giza linapoingia. Niliwatafuta usiku pembezoni mwa mashamba ya iliki, nikafunga kitambaa kwenye tawi la jirani, kisha nikarudi kesho yake kabla ya saa moja usiku.

Kurunzi ikielekezwa moja kwa moja kutoka mbele, uzi hupotea machoni. Ukimulika kutoka ubavuni, nyuma ya utando pakiwa na giza, kila uzi hung'aa. Niliipunguza nguvu kwa karatasi nyekundu, kwani mwanga mweupe huvuta wadudu, na mdudu akinasa, buibui huacha kazi akaenda kula. Wapo wanaonyunyiza unga ili utando uonekane. Mimi siafiki, kwa sababu unga hufunika ulimbo na kumharibia mwenyewe mtego wake wa usiku mzima.

Kilichonishangaza zaidi ni mpangilio wa kazi. Baada ya kufunga nyuzi za pembeni na zile zinazotoka katikati kama spoki za baiskeli, buibui huzunguka kutoka kitovuni kwenda nje akiacha uzi mkavu wenye nafasi pana, ambao ni jukwaa la muda tu. Akifika ukingoni hugeuka, na sasa huanza kurudi ndani akitandaza uzi wenye ulimbo: mguu wa mbele hupapasa mzunguko uliotangulia ili kupima nafasi, mguu wa nyuma huvuta uzi na kuubana mahali pake, na jukwaa lile huondolewa kadiri anavyolifikia. Kwa lenzi ya kukuzia niliona ulimbo umekaa kwenye uzi kwa matone yaliyopangika kama shanga.

Asiyeweza kutoka usiku amtafute Argiope, mwenye mistari ya manjano, ambaye hukaa katikati ya utando mchana kutwa, kichwa chini, juu ya nakshi nyeupe ya pindapinda. Ukiusogelea kwa ghafla, huutikisa utando wote hadi umbo lake lisibainike vizuri. Kuhusu kazi ya nakshi hiyo wataalamu hawajaafikiana: wengine husema huvuta wadudu, wengine husema huwatahadharisha ndege wasiuvunje utando.