San Xavier del Bac: ukuta unaotaka kupumua

Ukifika San Xavier del Bac, kusini kidogo ya Tucson, Arizona, usikimbilie ndani. Zunguka kwanza nje, uitazame lipu. Uhai wa kanisa hili uko pale.

Eusebio Kino, mmisionari Mkatoliki wa shirika la Wajesuti, alifika hapa, kijiji cha Wa-O'odham, wenyeji wa jangwa hili, mwaka 1692. Kanisa la sasa ni la Wafransisko, shirika jingine la Kikatoliki, lilijengwa 1783 hadi 1797 chini ya Hispania, na kazi ngumu waliifanya Wa-O'odham wenyewe. Mnara wa mashariki haujapata kuba mpaka leo.

Kuta ni matofali ya kuchoma, katikati kumeshindiliwa mawe na chokaa. Tofali lenyewe ni laini. Karne ya 20 likapakwa saruji, kwa nia njema kabisa. Lakini saruji haifuati ukuta unaotanuka kwa joto la jangwa na kusinyaa usiku, basi hupasuka nyufa nyembamba. Mvua za Julai na Agosti hupenya humo, na maji yakishaingia hayana pa kutokea. Tofali linageuka unga nyuma ya lipu inayoonekana nzima, na chumvi husafiri na unyevu hadi ndani ikabambua michoro. Waashi wa Zanzibar na Lamu wanaujua ugonjwa huu.

Kuanzia 1989 saruji ilibanduliwa, ikarudishwa chokaa na mchanga uliokandwa kwa ute wa mpungate, mmea wa jangwani wenye miiba. Mpungate hukatwakatwa, ukachemshwa na kuchujwa. Maji yake ya kuteleza huifanya lipu inate, isinywe mvua kirahisi, na isikauke upesi. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Chokaa hushika polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni, nayo huhitaji unyevu. Jua likiiwahi, hubaki vumbi: ukipitisha kidole kinatoka cheupe. Ndiyo maana ukuta hulowanishwa kwanza, na tabaka huwa nyembamba, moja baada ya nyingine.

Ndani, michoro na sanamu zilisafishwa 1992 hadi 1997, wanagenzi wa Tohono O'odham, tawi la Wa-O'odham hao, wakifanya kazi bega kwa bega na wataalamu kutoka nje. Tafuta milango ya kuchorwa ukutani. Kwa mbali utadhani inafunguka. Napenda ujasiri huo: hata marumaru hawakuwa nayo, wakaichora.

Hii bado ni parokia ya watu. Vua kofia, usiguse kuta, na misa ikiwa inaendelea, kamera iwekwe mfukoni.