Nilivyomwaga maji ya familia nzima Nagoya

Jioni ya pili tangu nifike Nagoya, Japani, nilichomoa kizibo cha hodhi la kuogea, nikamwaga maji ambayo watu watatu walikuwa bado wanayasubiri. Nilidhani naonyesha ustaarabu. Nililisugua hodhi hadi likang'aa, nikatoka na taulo begani najiona mtoto mwenye malezi. Mama mwenye nyumba, niliyeelekezwa nimwite okaasan, yaani mama, aliingia, akatoka, akamtazama mumewe, wakacheka wameziba midomo.

Kumbe kule unaogea nje ya hodhi. Unakaa kwenye kigoda, unajisugua, unajisuuza mpaka povu liishe, ndipo unaingia kwenye maji ya moto kujichovya tu. Maji ni hayo hayo kwa nyumba nzima, na mgeni hutangulizwa kwa heshima. Heshima yangu niliipeleka kwenye bomba la majitaka. Na asubuhi ile ile nilikuwa nimempa okaasan zawadi ya khanga yenye jina "Mgeni njoo mwenyeji apone".

Kilichoniuma ni kwamba haya yote nilielezwa siku ya kwanza. Alinipitisha chumba kwa chumba: bafu, choo na ndala zake zisizotoka nje ya mlango wa choo, mapipa ya taka zinazochomwa na yale ya plastiki. Mimi kila alipotua nikaitikia "hai, hai". Kwao hai ni ndiyo. Nilikuwa nimeelewa labda theluthi.

Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo, mwaka wa tatu, lakini ufundi wenyewe nimeukuta kwenye gereji ya mjomba wangu Tabata. Tulikwenda wanafunzi sita, wiki mbili za Novemba, kutembelea viwanda na kuishi kwenye nyumba za watu. Kwa maandalizi nilijifunza kana, herufi za silabi za Kijapani, miezi miwili kabla. Kwa Mswahili matamshi si mzigo: sa, shi, su, se, so, silabi zinaishia na irabu kama zetu. Shida ni maneno machache yanayofanana na yetu kwa aibu. Dubu kwao ana jina ambalo siliandiki hapa, na kule kusini, Kyushu, kuna mji mzima unaoanza na neno hilo. Mama aliponipigia simu kuniuliza nimefika wapi na wapi, huo niliuruka.

Siku ya tatu tulipelekwa kwenye jumba la makumbusho la viwanda na teknolojia la Toyota, majengo ya matofali mekundu ambayo zamani yalikuwa kiwanda cha kufuma. Nilikwenda nikitegemea magari. Ukumbi wa kwanza ni mitambo ya nguo mitupu. Sakichi Toyoda, aliyezaliwa 1867, alianza kuhangaika na kitanda cha kufumia akimwangalia mama yake anavyotaabika nacho. Mwelekezaji aliwasha mtambo wa mwaka 1924, ile Aina ya G. Ulipiga kelele kama mashine ya kusaga ya mtaani. Kisha akakata uzi mmoja wa mtande kwa makasi. Mtambo ukasimama papo hapo. Akauunga, akauwasha, akakata tena. Ukasimama tena.

Zamani uzi ukikatika mashine iliendelea kufuma kitambaa kibovu mpaka mtu agundue, kwa hiyo kila mashine ilitaka jicho lake. Hii ilijisimamisha yenyewe, na mtu mmoja akaweza kuangalia mitambo mingi. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ililipia haki za kuitengeneza. Mwana wa Sakichi, Kiichiro, ndiye aliyeigeuza familia kuelekea kwenye magari, na kampuni ya magari ikaandikishwa 1937. Nimefungua injini za Toyota tangu darasa la sita na sikuwahi kujua kwamba chimbuko lake ni uzi.

Kesho yake tulikuwa kwenye kiwanda kidogo kinachotengeneza vipuri vya milango. Simu zote tuliziacha getini. Saa mbili kasoro dakika tano wafanyakazi walinyoosha viungo kwa muziki wa redio, na sisi nyuma yao, mikono ikienda kulia wenzetu wakienda kushoto. Halafu kazi ikaanza, na hapo nikaona kitu ambacho nimekisimulia mpaka watu wamechoka. Dada mmoja, mdogo kwangu, alibonyeza kitufe. Taa ya njano ikawaka juu yake, kikapigwa kiwimbo cha kitoto. Msimamizi akaja mbio. Skrubu moja ilikuwa imeingia mshazari. Wakainama wote wawili, wakaitoa, na kabla ya kuondoka yule msimamizi akamwambia "arigatō".

Asante! Gerejini kwetu skrubu ikiingia mshazari unaikaza kwa nguvu mpaka ikubali, unapaka grisi, na mjomba anasema, "Itaenda tu hiyo." Nilimuuliza mkalimani kama dada yule hatakatwa mshahara. Alinitaka nirudie swali, akidhani hakunisikia vizuri.

Jioni ile nilimwomba okaasan anizungushe nyumba upya. Kila nisipoelewa nilisema "wakarimasen", sielewi, na yeye akarudia kwa vitendo, mpaka akajifanya anaoga amevaa aproni. Ilichukua karibu saa nzima. Tangu hapo mambo yakawa mepesi kuliko nilivyotarajia. Jumapili mumewe alinipeleka kwenye mkahawa wa mtaani kwao. Nagoya ukiagiza kahawa asubuhi unaletewa na mkate wa kuchoma na yai, bila kuongeza senti. Wazee wamejaa na magazeti, wanabishana besiboli. Ukiondoa viti vya sofa, ni kijiwe cha kahawa kabisa. Walitaka kujua kama ni kweli magari yao yaliyochakaa yanaishia kwetu. Nikawaambia mengine bado yana maandishi yao ubavuni, na tunayapakia abiria hivyo hivyo.

Niliporudi Tabata nilimkuta mjomba chini ya Hiace yake, ile aliyoinunua ikiwa na stika ya Kijapani kwenye kioo cha nyuma na akakataa kuibandua, kwa imani kwamba inathibitisha gari halikufunguliwa injini.

"Haya msomi," akasema akijifuta mikono, "tusomee."

Nikasoma herufi moja moja: yo-u-chi-e-n.

"Shikamoo mjomba, hili ni gari la chekechea."

Aliitazama stika, akatazama mifuko ya saruji iliyopangwa ndani.

"Na viti vyenyewe," akasema, "nilishangaa kwa nini ni vifupi hivyo."