Eti Kiswahili hakina neno la sonona

Jumanne nilirudishiwa pendekezo langu la utafiti wa sonona, yaani depresheni, kwa watu wanaosema Kiswahili. Kurasa 18, kazi ya miezi minne, pamoja na maoni ya wasomaji watatu. Wawili walinipa marekebisho ya kawaida. Wa tatu aliandika pembeni mwa ukurasa wa sita kwamba kwa kuwa lugha ya walengwa haina neno la depresheni, mtafiti atapimaje kitu ambacho wenyewe hawana hata jina lake?

Nilikuwa kituo cha basi hapa Lexington, Kentucky, baridi ya Februari inauma mpaka kwenye kucha. Basi likaja, likafungua mlango, likaondoka. Mimi bado nausoma ule mstari.

Haina neno! Lugha hii niliyoililia misiba yote ya kwetu! Tuna huzuni, simanzi, majonzi, jitimai, ukiwa, unyonge, fadhaa, kihoro. Sonona yenyewe ndiyo inayotumiwa na wataalamu wetu kwa ugonjwa huu huu, tena redioni, mchana kweupe. Hayo ni ya kwenye kamusi. Bado sijataja ya bibi yangu aliyekuwa akisema moyo umekuwa mzito, mawazo yamenizidi, usingizi umeruka, chakula hakishuki. Maneno manne hayo tu ni karibu nusu ya fomu yao ya kupimia ugonjwa huu. Msomaji yule angeniuliza ningemjibu kwa furaha, ningemwandikia ukurasa mzima. Hakuuliza. Alihukumu lugha asiyojua hata salamu yake, na hukumu hiyo imeingia kwenye faili langu la masomo.

Wadogo zangu wengi huniuliza nilifikaje huku, basi nieleze hapa hapa. Mimi ni mtoto wa Kasulu, mkoani Kigoma. Mama alikuwa akipeleka maharage na ndizi Makere, jirani na kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wateja wake ndio walionionyesha, nikiwa mdogo nimekaa juu ya gunia, kwamba Kiswahili ni kipana kuliko kile cha darasani. Shahada ya kwanza nilisomea Dodoma, ualimu na saikolojia. Kila likizo nikirudi nyumbani swali lilikuwa lile lile: "Kwa hiyo utafanya kazi Mirembe?" Mjomba aliniuliza mbele ya wageni wa posa ya dada yangu. Hospitali ile ya magonjwa ya akili inafanya kazi kubwa na ningeitwa pale ningeenda kwa moyo mmoja, ila mnajua swali lile lilibeba nini: kwamba mpaka mtu aanze kuokota makopo ndipo anastahili mtaalamu. Anayelala macho wazi mwaka mzima, akapika, akalima, akaenda ibadani, huyo ni mzima.

Nikafundisha sekondari miaka mitatu, na shule ikanipa kazi ya ushauri nasaha juu ya vipindi 26 kwa wiki. Mwaka wa pili wasichana wa bweni walianza kuanguka mmoja baada ya mwingine. Walimu wengine wakaita mashetani, wengine wakasema ni maigizo ya kukwepa mtihani. Nilikaa na mabinti wale jioni baada ya jioni, na kila mmoja alikuwa na maneno yake ya kusema kinachomsibu, hakuna hata mmoja aliyesema ana huzuni. Hapo ndipo hamu ya utafiti iliponishika. Natafuta kujua watu wetu wanatumia maneno gani kusema wanaumia, na kwa nini vipimo vya hospitali havisikii maneno hayo.

Sasa niko mwaka wa tatu wa uzamivu. Kwa mnaofikiria njia hii, nisikilizeni. Marekani, shahada ya kwanza ya saikolojia haikupi leseni ya kutibu mtu yeyote, na kuitwa mwanasaikolojia unahitaji uzamivu karibu kila jimbo. Kwa hiyo usiuze shamba la baba kulipia uzamili. Omba uzamivu wa utafiti moja kwa moja, kwa sababu programu nyingi za aina hiyo zinakusamehe ada na kukupa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Viza ya mwanafunzi inakuruhusu saa 20 za kazi kwa wiki muhula ukiendelea, ndani ya chuo, basi anayekuahidi kwamba utafanya kazi mbili na kujenga Kigamboni ndani ya mwaka anataka hela yako. Jambo lingine ambalo mawakala hawalisemi: kila programu ina namba yake rasmi. Kwa utaratibu uliopo, saikolojia ya jumla haihesabiwi kwenye kundi la sayansi linaloongezewa miezi 24 ya kufanya kazi baada ya masomo, lakini saikolojia ya majaribio na ile ya utambuzi zimo. Uliza namba kabla hujalipa ada ya maombi. Mimi niliuliza nikiwa nimeshalipa mara mbili.

Posho yenyewe inatosha chumba, simu, basi na chakula cha kupanga kwa hesabu. Pakiti ya dagaa inayoenea kiganjani ni dola 8 kwenye duka la Waafrika. Mnaojua sado ya dagaa inavyopimwa pale Kibirizi, mtanielewa kwa nini nilisimama mbele ya ile rafu kama niliyepotea.

Jumamosi ndiyo siku yangu. Mji huu una Wakongo wengi mno, hata shuleni Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosemwa zaidi majumbani mwa wanafunzi baada ya Kiingereza na Kihispania. Tunakutana kwenye ukumbi wa kanisa. Nawasomea kina mama barua za shule, bili za hospitali, fomu za bima, na wale wanaojiandaa na mtihani wa udereva nawafundisha maana ya alama. Hapo ndipo tulipoanza pia kujaribu tafsiri ya ile fomu ya kupima sonona inayotumika karibu kila kliniki huku. Maswali 9, kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu 0 mpaka 3, jumla 27. Ukifika 10 wanaanza kukuangalia kwa makini.

Mama mmoja wa Fizi, Kongo, ambaye ameniruhusu nieleze haya ila jina lake nabaki nalo, alikaa miaka kumi na minane Nyarugusu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, salamu aliyoizoea kambini. Nikasoma swali la kwanza. Hapana. La pili, umejisikia mwenye huzuni au kukata tamaa? Hapana, nashukuru Mungu. La nne, umechoka? Akanitazama mikono yangu, kisha yake iliyopasuka kwa kazi ya usiku kwenye ghala, akasema hapana. Mpaka la tisa. Jumla 0. Kwa fomu ile alikuwa mzima kuliko mtu yeyote mle ukumbini.

Nikafunga kalamu, nikamshukuru. Akavuta kiti. Akaongea dakika arobaini. Mwanawe wa kwanza alibaki kambini kwa sababu alikuwa ameoa na faili lake likatenganishwa na la mama. Anapika ugali wa watu sita wakati wako watano. Alipomaliza aliniwekea kiganja juu ya mkono na kusema: "Mtoto yangu, usiniulize kama niko na huzuni. Nani hana huzuni? Uniulize usiku nalalaka saa ngapi, na nawazaka nani."

Niliyafikiria maneno yale hadi usiku, kwa sababu Harare, Zimbabwe, walishafika huko. Katika miaka ya 1990 daktari wa akili Vikram Patel na wenzake walikusanya maneno ya Washona wenyewe, wakatengeneza dodoso la maswali 14 linaloanza na kuwaza sana, kile Washona wanachokiita kufungisisa. Dodoso hilo ndilo lililotumiwa na bibi wa mtaani wanaoketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, mpango alioanzisha daktari Dixon Chibanda. Jaribio lake la watu 573 lilichapishwa 2016 na waliokaa na bibi walipata nafuu. Kufungisisa imo hata kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa 2013. Neno la Kishona limekubalika kwenye kitabu chao, la kwangu linaambiwa halipo.

Na wanasaikolojia wa Magharibi wenyewe wanajua tatizo liko wapi. Mwaka 2010 watafiti Henrich, Heine na Norenzayan waliandika kwamba saikolojia imejengwa juu ya watu wa nchi chache tajiri za Magharibi, kisha matokeo yakaitwa tabia ya binadamu. Makala hiyo husomeshwa kila muhula, darasa zima linatikisa kichwa kukubali. Halafu linakuja pendekezo la mtu wa Kasulu.

Profesa wangu alinitafuta Jumatano, akanikuta ofisini sijala. Hakunipa hotuba. Aliweka sandwichi mezani, akaketi, akaniambia nimsomee yale maneno ya Kiswahili moja moja, akayaandika ubaoni kwa mkono wake, akakosea jitimai mara tatu mpaka akaipata. Akasema majibu yangu yaanze na ubao ule.

Nimeyapeleka leo Ijumaa. Ukurasa wa kwanza ni maneno, wa pili ni Harare. Swali la kwanza la dodoso langu ni la yule mama: usiku unalala saa ngapi, na unamuwaza nani. Nimelipeleka kwa Kiswahili, tafsiri iko chini yake kwa herufi ndogo.

Wiki iliyopita mama yule alinipa dagaa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili, wa Tanganyika kabisa, wameletwa na shemeji yake. Niliwakaanga kwa mawese na nyanya, jirani akagonga kuuliza harufu hii ya nini, nikamkaribisha akala. Kesho nitambebea mama dodoso jipya, nimsomee swali lake nilivyoliandika, aniambie kama nimelipata.