Nilivyoipata asili ya tuni ya Auld Lang Syne

Mimi ni mtu wa kwaya, vayolini nimejifunza ukubwani, na hii tuni ya mwaka mpya nimeipiga miaka na miaka bila kujua imetoka wapi. Nikaanza kuuliza. Mmoja akaniambia Robert Burns, yule mshairi wa Uskoti, katunga maneno na muziki vyote. Mwingine, tena mwalimu wa muziki kabisa, akaniambia ni ya Mwingereza William Shield, aliiweka kwenye opera yake Rosina ya 1782, nisipoteze muda. Hiyo ilinikera sana, maana alisema kwa uhakika wote, na mimi nilikuwa nasikia kabisa kwamba ile ni tuni ya kuchezwa, ina miguu ndani yake.

Basi nikanunua bando, kama elfu tano hivi, nikaingia kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Uskoti kule Edinburgh, wao wameskani vitabu vya zamani vya vayolini na mtu yeyote anasoma bure. Nikatafuta kwanza kitabu cha nyimbo cha James Johnson cha 1796, ndimo maneno ya Burns yalimotoka mwaka ule ule aliofariki. Nikaprinti ukurasa pale steshenari, nikaenda nao nyumbani kwa furaha. Napiga, siyo. Narudia, siyo. Nikatyuni upya nyuzi zote nne, nikahisi labda nimekosea ufunguo, nikapiga polepole, nikapiga haraka, jioni nzima imekwisha, mama watoto ananiuliza mbona leo unapiga wimbo mgeni. Kumbe ni mgeni kweli! Maneno ni yale yale ila tuni ni nyingine kabisa. Burns mwenyewe alimwandikia George Thomson, mchapishaji wa nyimbo za Uskoti, mwaka 1793 kwamba tuni ile ya zamani ni ya kawaida tu, na maneno aliyapata kwa mzee mmoja aliyekuwa akiyaimba. Thomson ndiye aliyeyaweka kwenye tuni tunayoijua, mwaka 1799, Burns yuko kaburini miaka mitatu.

Sasa hiyo tuni Thomson aliitoa wapi? Hapo ndipo kwaya ilinisaidia. Kutafuta kwa jina hakusaidii kabisa, tuni ya vayolini Uskoti inabadilishwa jina kila inapohama. Nikaiandika kwa solfa, nikaondoa mapigo yote nikabakiza sauti tupu: s d d d m r d r m d d m s l. Angalia vizuri, tuni yote haina fa wala ti, ni sauti tano tu. Nikawa nakwenda ukurasa kwa ukurasa kwenye vitabu vya ngoma na kale kakaratasi mkononi, noti fupi fupi za mapambo naziruka, nasoma zile zinazobeba uzito tu.

Nikaipata kwa Robert Bremner, muuza muziki wa Edinburgh, kwenye mkusanyo wake uliotoka vipande vipande kuanzia 1757 hadi 1761 hivi. Jina lake The Miller's Wedding, harusi ya msaga nafaka. Haifanani noti kwa noti lakini mifupa ni ile ile, na ni miaka ishirini na zaidi kabla ya Shield kupiga opera yake. Niliruka kitandani usiku ule.

Ni strathspey, aina ya ngoma iliyopewa jina la bonde la mto Spey, noti fupi inatangulia ndefu inafuata kwa kukatwa na upinde wa vayolini, na bila mkato huo usijisumbue, inakuwa wimbo wa mazishi. Mkesha wa mwaka jana niliipiga kwanza hivyo, kama ngoma, kabla watu hawajaanza kuimba, na bibi mmoja wa sauti ya pili akaacha kiti chake akacheza mpaka mlangoni.