Bado ana udongo wa kwao

Shingo imekufa ganzi, lakini hii lazima niwasimulie.

Kwa mnaoniuliza kila siku nafanya nini huku Brazil: naandika maelezo ya spishi ya buibui. (Mama bado anadhani ni buibui la kuvaa.)

Hawa wangu ni jenasi (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Actinopus, jina walilopewa na mwanasayansi Perty mwaka 1833. Jike anachimba shimo, analitandika hariri ndani, kisha anatengeneza mlango wa udongo wenye bawaba ya utando. Basi, hatoki tena. Dume ndiye anayezurura kutafuta mchumba, ndiyo maana ananaswa kirahisi.

Asubuhi yote nimechora kiungo cha uzazi cha dume, kile kilicho kwenye ncha ya mkono wake mdogo wa mbele. Hicho ndicho kinachotenganisha spishi na spishi. Nimefuta mara nne.

Mchana nikafungua chupa ya jike. Miaka mingi yumo kwenye spiriti.

Nikamgeuza chini ya hadubini. Juu ya taya ana miiba mifupi, minene, kama meno ya reki. Ndiyo jembe lake.

Na katikati ya miiba miwili, chembe ya udongo mwekundu.

Bado imeganda pale pale, jamani.

Picha inataka miiba iwe safi. Nikashika brashi, nikaiweka chini. Nikaenda kupika kahawa.

Hadi sasa sijaigusa. Ninyi mngeisafisha?