Siku moja na breki za watu

Saa 1:30 asubuhi. Gari la kwanza limenitangulia kufika. Mwenyewe anasema breki zinakwaruza anapotoka nyumbani, kisha zinanyamaza. Usiku mvua imenyesha. Diski, ile sahani inayozunguka pamoja na gurudumu, ni chuma cha kutupwa, kikilala na maji hushika kutu, na ukikanyaga breki mara chache pedi, vile vibao vinavyoibana diski, zinaikwangua kutu yote. Nimechungulia, pedi bado nene, nikamwambia aende zake. (Wapo mafundi ambao wangemuuzia seti nzima.)

Saa 3:00. Huyu wa pili ana mluzi mwembamba usiokoma. Mluzi huo umewekwa makusudi: pedi nyingi zina kijibati kinachoanza kugusa diski pedi ikikaribia kwisha. Yeye habishani na mluzi, anabishana na macho. Ameangalia kupitia matundu ya rimu akaona pedi nene. "Fundi, mbona hii bado nzima?"

Hiyo aliyoiona ni ya nje. Nimetoa tairi nikamwonyesha ya ndani: ya nje ina milimita 7, ya ndani haifiki 2. Pedi mpya huwa na 10 hadi 12, na mimi ikifika 3 sisubiri tena. Kalipa yake, kile kishikio cha pedi, ina pistoni ya kuzisukuma upande mmoja tu, na lazima iteleze kwenye pini mbili ndipo pedi ya nje nayo ibane. Pini moja imekauka grisi na kuganda, kwa hiyo pedi ya ndani imekuwa ikifanya kazi karibu peke yake. Nikifunga pedi mpya bila kuzihudumia pini, ya ndani itaisha hivi hivi.

Saa 4:30. Diski zake sasa. Kiwango cha mwisho cha unene kimegongwa kwenye diski yenyewe: milimita 22. Napima kwa maikromita, kipimo chenye ncha ndogo, mahali kadhaa kuzunguka diski, kwa sababu ukingo wa nje ambao pedi haifiki umeinuka, na kaliba ya kawaida, ile ya kupimia yenye taya ndefu, huukalia huo ukingo ikakupa unene wa uongo. Nimepata 22.3.

"Basi haijafika."

Haijafika, ila itafika kabla pedi mpya hazijaisha nusu. Diski nyembamba hupata joto upesi na hupasuka kirahisi. Tumekubaliana: diski mbili, kushoto na kulia, na pedi zote nne za mbele.

Kabla ya kurudisha pistoni ndani ili pedi mpya zienee, nimefyonza kwanza mafuta ya breki kwenye kikopo chake. Mwenye gari aliona yameshuka akajaza, kumbe yalishuka kwa kuwa pedi zimeliwa na pistoni zimetoka nje. Ningesukuma hivyo hivyo, yangefurika na kubabua rangi ya gari.

Saa 7:00. Chakula, mikono bado inanuka grisi.

Saa 8:00. Gari la tatu: usukani unatetemeka mwenyewe akikanyaga breki kwenye mwendo mkali. "Diski zimepinda," ndivyo kila mtu anavyosema. Ni nadra. Hii ni nene kabisa, ila unene wake unapishana kwa milimita 0.03 kati ya upande na upande, na hiyo inatosha kutikisa usukani. Aliyeifunga hakusugua kutu ya kitovuni, pale diski inapokaa, diski ikakaa mshazari, pedi zikawa zinailamba sehemu ileile kila mzunguko. Nimesugua kitovu kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa, ndipo nikafunga mpya.

Saa 10:00. Kujaribu barabarani. Kwanza nakanyaga pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu. Pistoni zikiwa bado ndani, mkanyago wa kwanza unazama mpaka sakafuni. Kisha kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10, taratibu, bila kusimama kabisa, ili pedi na diski mpya zizoeane; narudia na kuacha zipoe katikati.

Saa 11:15. Simu. "Fundi, pedi hubadilishwa baada ya kilomita ngapi?" Nimemuuliza anaendesha wapi: milimani, kwenye foleni, au barabara kuu? Akasema kote. Nikamwambia alilete kesho, nitoe tairi.