Goti la Mama

Nairobi, Jumanne usiku

Leo nimempeleka mama kliniki kwa ajili ya goti. Daktari, kijana mpole, alimuuliza: kati ya sifuri na kumi, maumivu ni ngapi? Mama akafikiri kidogo. "Mbili, daktari."

Dakika chache kabla, tukipanda ngazi, alikuwa ameushika mkono wangu kwa nguvu. Ninavyoandika hapa, alama za kucha zake bado zipo kwenye kiganja.

Tulipotoka nikamuuliza kwa nini alisema mbili. "Kumi ni uchungu wa kuzaa, mwanangu. Hili goti bado nasimama nalo."

Kazi yangu ni kupima maumivu. Nilianzia Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, nikiwa mwanafunzi, niliposoma kwamba mwaka 1990 mtafiti Titus Kanui na mwenzake Hole walimpa mofini, dawa kali ya maumivu, fuko asiye na manyoya, yule anayechimba ardhi kavu ya huku kwetu. Wanyama wale wakawa wakali. Nilirudia ukurasa ule mara tatu, na nikajua nitafanya kazi gani maishani. Fuko huyo huyo hachomwi na tindikali wala pilipili kama panya wengine, lakini akibanwa anasikia. Kwa hiyo nikajifunza kumweka mnyama juu ya bamba la moto na kuhesabu sekunde hadi alambe unyayo, kisha kumwondoa upesi. Hesabu hizo naziheshimu hadi leo. Lakini sekunde hazikuniambia mnyama aliogopa kiasi gani, na swali hilo ndilo lililonihamishia kwenye utafiti wa msongo, yaani hofu na mawazo mazito.

Msongo una nyuso mbili: unaweza kuzima maumivu, na unaweza kuyazidisha. Henry Beecher, daktari wa Marekani, aliandika mwaka 1946 kuhusu askari waliojeruhiwa vibaya vitani, ambao wengi wao hawakutaka dawa ya maumivu. Mimi sikuhitaji kwenda mbali kulielewa hilo. Usiku ule moto ulipozuka soko la Gikomba, mama alitoa marobota mawili ya mitumba peke yake, kisha akarudi kumsaidia jirani. Asubuhi, akimimina chai, ndipo alipoona ngozi ya mkono imebabuka. "Nimeungua lini?" aliniuliza. Mtu akiwa hatarini, ubongo huteremsha amri hadi kwenye uti wa mgongo, na ujumbe wa jeraha unazuiwa pale pale kabla haujapanda. Endofini, mofini ya mwili wenyewe, zina sehemu katika kazi hiyo.

Uso wa pili ulikuja baadaye, taratibu. Miezi ya kudaiwa kodi na karo, usingizi wa saa tatu. Goti lililokuwa limenyamaza kwa miaka likaanza kusema. Njia zile zile za kutoka ubongoni zinazoweza kufunga zinaweza pia kufungua, na mtu akikaa na hofu muda mrefu, kitu kidogo kinauma sana. Goti lenyewe limechakaa, picha imeonyesha. Ila nina hakika kwamba kuchakaa si habari yote, na inaniumiza kwamba fomu ya kliniki haina mahali pa kuandika kodi.

Kwenye matatu ya kurudi nilianza kumsugua goti bila kufikiri, kama alivyokuwa akinisugua nikianguka utotoni, huku akisema pole, pole. Watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza mwaka 1965 kwamba uti wa mgongo una kama lango, na mguso unaweza kulifunga kwa sehemu. Nimefundisha somo hilo miaka mingi. Leo nimeona mabega ya mama yakishuka.

Melzack huyo huyo alitoa dodoso mwaka 1975 la maneno ambayo wagonjwa hutumia, kwa sababu nambari pekee haitoshi. Basi nikatoa daftari. "Mama, sahau kumi. Linakufanyaje?"

Akaniambia. Asubuhi linakeketa. Mchana, akisimama kibandani, linawaka. Usiku, akipiga hesabu za kodi, linapwita, "kama lina moyo wake."

Nimeyaandika yote matatu. La nne alilitaja kwa Kikuyu akishuka, mkono mmoja kwenye mlango, na honi zikalimeza. Kesho asubuhi nitampigia anirudie.